Kioo Kilichokataa Rangi

Ukitaka kugombana na Birago Nsiah, mwambie kioo chake hakijashika rangi. Mengine anavumilia. Mwambie amenenepa, atacheka na kujipiga kiunoni. Mwambie supu yake ya karanga ni maji matupu, atakwambia kapike yako. Ila vioo vyake usiviguse. Nimekaa naye miaka kumi na tisa katika maabara moja hapa Kumasi, nami ni mtu wa mdomo, lakini hilo nililijua wiki ya kwanza na sikulijaribu tena.

Mimi kazi yangu ni dirishani. Hospitali wakimpasua mtu na kumtoa uvimbe, hawana gari la kutuletea; ndugu wa mgonjwa ndio wanaoubeba. Wanakuja na chupa za mayonezi, makopo ya maziwa, ndoo zilizofunikwa kwa kitambaa cha kanisani, na ndani yake mna kipande cha mtu wao kimelowekwa kwenye fomalini. Napokea, naandika jina, nawapa karatasi. Birago anakaa chumba cha nyuma. Yeye anakitia kile kipande kwenye nta, na nta ikiganda anakikata kwa mashine yenye wembe, utando mwembamba kuliko ngozi ya ndani ya kitunguu, kisha anaulaza juu ya kioo na kuutia rangi. Hapo ndipo Daktari Frimpong anapotia jicho kwenye hadubini na kusema huyu ana hiki, yule ana kile. Bila kioo kizuri, daktari ni kipofu mwenye digrii. Hayo ni maneno ya Birago, na anayasema daktari akiwepo.

Aliingia pale na ufagio. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, ameachika kwa fundi magari wa mtaa wa Suame, anadeki chini ya miguu ya fundi mzee aliyeitwa Tweneboa. Siku moja Tweneboa alitetemeka homa hadi wembe ukamponyoka, na kuna kioo kinasubiriwa na watu wa upasuaji. Birago akaegemeza ufagio ukutani, akanawa mikono, akakata. Hakuna aliyemfundisha; alikuwa ameangalia miaka miwili. Cheti alikuja kukifuata baadaye, mtu mzima na mwanawe mgongoni. Nadhani kiburi chake kilianzia hapo. Mtu aliyeanza na ufagio akikosea, watu hawasemi amekosea. Wanasema, si alikuwa mfagizi? Mimi mwenyewe niliwahi kusema hivyo kwa hasira, Mungu anisamehe.

Ndoo ya Pokuaa ililetwa Jumatatu na mjomba wake, Mzee Asiamah, mkulima wa kakao kutoka upande wa Konongo. Aliipakata magotini kwenye benchi na hakutaka kuiweka sakafuni. Mimi ni wa kabila la Ga, kwetu Accra mtoto ni wa baba yake. Huku kwa Waasante mtoto ni wa mama, na mwenye neno la mwisho ni mjomba. Mzee huyu alikuwa na dada mmoja tu, Mama Dufie, na Mama Dufie alikuwa na binti mmoja tu, huyu Pokuaa. Ukoo wao ungepita hapo au usipite popote. Aliniambia hayo kabla sijamuuliza jina.

Pokuaa alikuwa na miaka ishirini na mitatu, anajifunza ushonaji, amebakiza miezi michache ahitimu. Tumbo lilianza kujaa mwezi wa tano. Wanawake wa uani wakahesabu miezi, wakamtania, wakamtaka amtaje mwanamume. Alipokana wakasema mjuvi. Mpaka alipoanguka juu ya cherehani ndipo wakampeleka hospitali, na wakamtoa ovari ya kushoto ikiwa na uvimbe mkubwa kama tikiti. Kwenye fomu daktari wa upasuaji alikuwa ameandika kwamba kalsiamu ilikuwa imepanda mno kwenye damu yake, na baada ya upasuaji imeshuka.

Jumatano Frimpong aliangalia vioo vya kwanza, vya rangi ya kawaida. Aliangalia mno. Kisha akatuita, Birago na mimi, maana hatuna mwingine wa kuitwa. Alisema chembe hizi ndogo za duara zinafanana na saratani moja ya wasichana ambayo inatibika vizuri tu. Ikiwa ndiyo hiyo, binti ataachiwa ovari ya pili na mji wake wa uzazi, atapewa dawa zisizo kali sana, na atakuja kuzaa. Lakini ipo nyingine, adimu, inayofanana na hii kama pacha. Yeye ameiona mara moja tu maishani, akiwa mwanafunzi. Hiyo hupandisha kalsiamu, haingoji, na kwa dawa za ile ya kwanza ni kama kuimwagia maji. Mgonjwa hutolewa vyote, na hupigwa dawa kali za kemo mara moja, tena hata hivyo wengi hufa.

"Ile chupa ndogo ya rangi aliyotuachia yule daktari mgeni aliyetutembelea bado ipo kwenye friji?" akauliza.

Birago akasema ipo, inatosha vioo vinne.

"Nipigie rangi hiyo. Ukimaliza tu nijulishe, hata nikiwa msibani."

Alfajiri ya Alhamisi akaondoka kwenda Mampong kumzika shangazi yake, msiba wa siku tano, na yeye ndiye mpwa mkubwa, asingeweza kukosa. Hakueleza rangi ile inasomwaje. Birago hakuwahi kuitumia, wala hakuuliza. Kutouliza huko ni kwake peke yake, sitamsaidia kukubeba.

Alichokijua ni kwamba dawa ile inatafuta kitu fulani ndani ya chembe za mwili, na ikikipata kioo kinageuka kahawia. Alhamisi mchana akaipiga. Kwa macho matupu uvimbe ukabaki mweupe. Si kahawia, si chochote. Birago akakitazama kile kioo kama mtu aliyetukanwa. Wiki ile umeme ulikuwa unakatika kila siku na friji inatoa maji mpaka mlangoni, kwa hiyo akajiambia dawa imeharibika, au yeye amekosea mahali. Kuna utaratibu wa kuweka pembeni ya kioo kipande cha mtu asiye na ugonjwa huo, ili ujue kama rangi inafanya kazi. Hakukiweka. Alikuwa anabana dawa isiishe.

Ijumaa akarudia. Mweupe tena.

Jioni Frimpong alipiga simu. Nilikuwa nimesimama karibu nikasikia ngoma za msiba nyuma ya sauti yake. Akauliza vipi. Birago, macho makavu kabisa, akasema bado, Daktari, nakamilisha. Angeweza kukipiga picha kioo kile kwa simu na kumtumia pale pale. Mimi nilijua tu kwamba kazi haijaisha. Sikujua kwamba anavyo viwili vimefungwa kwenye karatasi ndani ya droo.

Ijumaa hiyo hiyo Mama Dufie alikuja dirishani. Majibu hayakuwepo. Akasimama tu, kwa sababu hakuwa na pa kwenda zaidi ya wodini. Akaniambia binti anakunywa maji kama ardhi ya kiangazi, tangu asubuhi amemaliza ndoo nzima, na choo hapati. Wodini kijana wa zamu alisema ni joto. Nikampelekea Birago habari hiyo. Alikuwa anasugua mashine yake, akasema, "Dede, mimi si nesi." Nikamwacha.

Jumatatu Mama Dufie alirudi akiwa amevaa khanga kinyume. Hakuuliza majibu. Alisema usiku Pokuaa amemwita kwa jina la bibi yake aliyekufa, akamwambia afungue mlango kuna wateja wanataka magauni yao. Alilisema hilo polepole, kisha akanishika mkono kupitia dirishani na hakuuachia.

Nilipojinasua nikaenda nyuma. Birago hakuwepo, alikuwa amekwenda kuchota maji. Nikafungua droo nitafute gundi ya karatasi, nikaviona vile vioo viwili. Jina la Pokuaa, tarehe ya Alhamisi. Jina la Pokuaa, tarehe ya Ijumaa. Damu ilinipanda. Alipoingia na ndoo yake nilikuwa nimevishika mkononi.

"Hivi ni nini?"

"Weka chini."

"Umemwambia daktari bado. Hivi ni bado?"

"Havijashika, Dede. Dawa imekufa. Unataka nimpelekee nini? Hakuna kitu pale."

"Basi mpelekee hicho hakuna kitu. Mtoto wa watu hamjui mama yake, na wewe umekaa unaficha aibu kwenye droo?"

Alininyang'anya. Nilidhani atanipiga. Akaniambia mimi kazi yangu ni kuandika majina na siyaandiki hata vizuri. Nikamwambia bora mimi, sijawahi kujifanya profesa wa ufagio. Ndiyo, nilisema. Yalinitoka na sikuyawahi. Uso ukamshuka, akageuka, akawasha mashine.

Safari hii alikata uvimbe, na pembeni yake akaweka kipande cha findo la mtoto aliyefanyiwa upasuaji wa koo mwaka jana. Akatia rangi vyote pamoja juu ya kioo kimoja. Kazi hiyo huchukua saa nne. Nilikaa dirishani na Mama Dufie upande wa pili, na kila aliyeleta chupa nilimjibu vibaya.

Saa tisa nikamsikia akivuta kiti. Nikaenda. Alikuwa kwenye hadubini, jicho halitoki.

"Findo limeshika," akasema. "Limekuwa kahawia lote. Uvimbe mweupe."

Nikasema sielewi.

Akachukua kioo cha Alhamisi, akakiweka chini ya hadubini, akakisogeza taratibu. Ndani ya ule weupe kulikuwa na mishipa midogo ya damu, myembamba kama uzi, na kila mshipa ulikuwa wa kahawia. Akaweka cha Ijumaa. Vivyo hivyo. Dawa haikuwa imekufa. Ilifanya kazi tangu siku ya kwanza. Ilitafuta kitu kile ndani ya uvimbe ikakikosa, kwa sababu hakimo. Ugonjwa ule adimu ndio unaokifuta, hivyo ndivyo Frimpong alivyokuja kutueleza. Jibu lilikuwa ule ule weupe alioona aibu kuuonyesha.

"Toka Alhamisi," akasema Birago. Akalirudia tena, toka Alhamisi, huku akivipanga vioo mezani.

Alivipiga picha vioo vyote vitatu, kila kimoja na tarehe yake ikionekana, akamtumia Frimpong, kisha akampigia. Nilimheshimu kwa zile tarehe. Frimpong akauliza cha kwanza kilitiwa rangi lini. Birago akamwambia. Daktari hakumgombeza. Alisema asante, anapiga simu wodini sasa hivi. Birago aliniambia baadaye kwamba afadhali angemtukana.

Wodini hakuna aliyekuwa ameipima tena kalsiamu tangu iliposhuka. Walipopima ilikuwa imezidi kuliko siku ya kwanza, ya kutosha kumsimamisha mtu moyo; ndiyo iliyomtia kiu na kumchanganya akili. Wakamtundikia maji na dawa. Hadi Jumanne usiku hatukujua kama ataamka. Jumatano asubuhi akaamka, akamwita mama yake mama.

Siku hiyo hiyo Frimpong na daktari wa upasuaji walikutana na familia, na Mzee Asiamah akakataa. Kemo sawa, alisema. Lakini ovari ya pili na mji wa uzazi haviguswi. Msichana hana mtoto hata mmoja. Wamemkuta na kimoja kibovu, wamekitoa, kizima waache. Frimpong alieleza mpaka koo likamkauka. Alirudi maabara amechoka, akatuambia siku zinakwenda.

Birago akavua koti lake la kazi. Katika miaka yote ile hakuwahi kumwona mwenye kipande hata mmoja. Sisi watu wa nyuma hatuendi wodini. Akasema anakwenda. Nikamfuata, sikuombwa.

Pokuaa alikuwa mwembamba, macho makubwa, nywele zimesukwa na mama yake wakati binti hajitambui, mistari imepinda. Mjomba alikaa upande wa kichwani. Birago alisimama upande wa miguuni, akasema jina lake na kazi yake, kisha akasema yote: Alhamisi, Ijumaa, droo. Hakutaja umeme. Hakutaja friji.

Pokuaa akauliza, "Siku hizo nne zingebadilisha kitu?"

"Sijui, mdogo wangu. Ningekuwa najua ningekwambia."

Mzee Asiamah akainuka. Hakupaza sauti, na ingekuwa heri angepaza.

"Jibu la mwanangu ulilifungia ndani ya droo. Leo unakuja hapa kuniomba na tumbo lake?"

Nilitaka kumjibia. Birago akanizuia kwa mkono.

"Ndiyo, mzee," akasema. "Mimi ndiye niliyeuona huo ugonjwa kwa macho. Wengine wamesimuliwa. Nilidhani pale hakuna kitu, kumbe ndio wenyewe. Na wewe unasema ile ya pili haina kitu. Umejuaje?"

Mzee akamgeukia mpwa wake, kwa upole sasa, akamwambia kuhusu bibi zake kwa majina, mmoja baada ya mwingine, waliobeba ule ukoo mpaka ukamfikia. Mama Dufie alikuwa analia bila sauti, kitambaa mdomoni. Pokuaa alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Mjomba, hao watoto unaowalilia sijawazaa. Mimi nimeshazaliwa. Nililie mimi."

Akamwomba nesi kalamu. Akaandika jina lake mwenyewe, herufi zikienda upande. Mzee Asiamah alitoka nje na hakurudi siku ile.

Walimpasua Ijumaa. Vilivyotolewa vililetwa kwetu Jumamosi na Mama Dufie. Birago alikata ile ovari ya kulia kila pembe, siyo vipande vitatu kama kawaida, ishirini na viwili. Kwa macho ilikuwa nzuri, laini, ya kupendeza. Kwenye kipande cha kumi na saba kulikuwa na kitu kidogo kama punje ya mtama. Akakitia rangi, chupa mpya kutoka Accra, na findo pembeni. Mishipa kahawia, findo kahawia, ile punje nyeupe. Alitoka mbio na kioo kikiwa bado kinachuruzika, akapita dirishani kwangu, akamkuta Frimpong anakula kenkey na kukiweka mbele yake juu ya meza ya chakula.

Baada ya siku kumi Mzee Asiamah alikuja. Kwao kilichotoka kwa mtu hakitupwi wala hakichomwi. Hurudishwa nyumbani kikazikwe, na alikuwa amefuata mabaki. Nikamtolea kifurushi, akaweka sahihi. Hakuondoka.

"Ile ya pili," akaniuliza. "Ilikuwa nzima?"

Kwa utaratibu majibu hutolewa na daktari. Nilimtazama mikono, ilivyoshika ukingo wa dirisha, nikaona utaratibu usubiri.

"Hapana, mzee. Ugonjwa ulikuwa umeshaingia. Ulikuwa mdogo, lakini ulikuwemo."

Alisogea nyuma mpaka benchi likampiga miguuni, akakaa. "Mimi nilisema waiache," akasema. Hakuniambia mimi.

Birago alikuwa amesikia. Akatoka na glavu zake mkononi, akaketi kando yake kwenye lile benchi. Halafu akamwambia kwamba kemo ya kwanza imeanza leo asubuhi, kwamba Pokuaa anatapika sana, na Mama Dufie hajalala siku mbili, anahitajika mtu wa kumshikia beseni. Frimpong hasemi kwamba atapona, alimwambia hilo pia. Anasema tu sasa yupo kwenye dawa zenyewe.

"Unakwenda sasa?" mzee akauliza.

"Nakwenda kila saa ya chakula."

Mzee akasimama, akatengeneza nguo yake begani, akatangulia kutoka kuelekea wodini. Kifurushi alikisahau juu ya dirisha langu. Nilifungua mdomo nimwite, kisha nikakichukua na kukirudisha kwenye rafu.